Ufundi wa Kugeuka Juu ya Barafu

Katika hoki ya barafuni, mchezo ambao Wakanada wameulea tangu mechi ya ukumbini iliyochezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, sifa nyingi huwaendea wafungaji na wenye mbio, ilhali ufundi mmoja mgumu mno hupita bila kushangiliwa. Ufundi huo ni mpito, yaani uwezo wa mchezaji anayeteleza akielekea mbele kugeuka na kuendelea kinyumenyume, au kutoka kinyumenyume kurudi mbele, bila kuipoteza kasi aliyokuwa nayo. Ndio unaomwezesha beki kurudi langoni huku akimkabili mshambuliaji uso kwa uso, na asipokuwa nao, hata awe na nguvu kiasi gani, ataishia kuutazama mgongo wa mpinzani wake.

Chini ya kiatu cha kutelezea kuna chuma chembamba, chenye unene wa takribani milimita 3, ambacho upande wake wa chini hunolewa kwa mfereji mdogo unaoacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Mchezaji aliyefuzu hainuki anapogeuka: magoti hubaki yamekunjwa, kichwa kiko juu, na uzito wote hutulia kwenye mguu mmoja wakati mguu wa pili, ulionyanyuliwa kidogo tu, unafunguliwa kuanzia nyongani hadi kisigino kielekeane na kisigino, kisha mguu huo hutua, ukaupokea uzito, na ule wa kwanza ukaufuata. Mgeuko wa namna hiyo hausikiki sana. Wa mwanafunzi hukwaruza na kurusha unga mweupe, kwa sababu chuma kimekingama njia ya mwendo, na kila mkwaruzo ni kasi iliyopotea. Kosa lenyewe mara nyingi huanza kabla ya mguu kusogea, pale mwili unapoinuka na magoti kunyooka.

Aliyeufikisha ufundi huu kwenye kilele chake ni Bobby Orr, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji wa Parry Sound, Ontario, na kujifunza kuteleza kwenye maji yaliyoganda karibu na kwao, mahali pasipo na saa ya kulipia wala kocha wa kupuliza filimbi. Akiichezea Boston Bruins, aliongoza ligi nzima kwa pointi katika misimu ya 1969–70 na 1974–75, jambo ambalo hakuna beki mwingine aliyelifanya, na msingi wa makuu hayo ulikuwa wepesi wake wa kugeuka upande wowote, wakati wowote. Inahuzunisha kwamba magoti yale yale yaliyoubeba ustadi huo ndiyo yaliyomlazimisha kustaafu mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 30.

Barafu ya bure iliyomlea Orr inazidi kuadimika. Katika majira ya baridi ya 2022–23, njia ya kutelezea ya mfereji wa Rideau mjini Ottawa haikufunguliwa kabisa, mara ya kwanza tangu ianzishwe, kwa kuwa barafu haikuwa nene ya kutosha. Mtoto anayetegemea ukumbi hupata muda wa kukodiwa, nao muda huo hujazwa mechi, mikwaju na mbio za moja kwa moja, mambo yanayowafurahisha wazazi waliokaa jukwaani.

Mpito haunolewi kwa haraka namna hiyo. Hudai marudio ya polepole, kwanza bila kisahani, yaani kile kiduara cheusi cha mpira mgumu kinachogombewa, na hudai zaidi kwa upande dhaifu, kwani karibu kila mchezaji ana upande mmoja ambao mwili wake huukwepa. Ratiba inapobana, zoezi hilo ndilo hukatwa mapema. Matokeo yake ni mabeki wenye mbio za kutisha wanaogeuka vyema upande mmoja tu, na mshambuliaji mwenye macho huwapitia upande wa pili.