Kutoka Mtumwa hadi Siti: Mkono wa Fundi katika Fasihi ya Utumwa

Mtahiniwa akiulizwa aeleze usawiri wa mtumwa katika fasihi ya Kiswahili, jibu huja haraka: mtumwa ni mnyonge, anaonewa, anapigwa, mwishowe anakombolewa. Jibu hilo si la uongo, ila lina upungufu mkubwa. Linamwona mtumwa kama mgongo wa kupigwa na shingo ya kufungwa mnyororo. Mikono yake haionekani. Ilhali mikono hiyo ndiyo iliyojenga, ikachonga, ikashona, ikafinyanga na kupiga ngoma katika miji yote ya pwani. Makala hii inapendekeza tuisome upya fasihi ya utumwa kwa kumtafuta fundi. Tutatumia kazi mbili: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert.

Usuli

Mwalimu asianze na kitabu kabla ya kuweka msingi wa historia. Katika miji ya pwani karne ya 19, si watumwa wote waliolima mashamba ya minazi na mikarafuu. Wengine walikuwa waashi, maseremala, wahunzi, washonaji na mabaharia. Baadhi waliruhusiwa kwenda kutafuta kazi ya ujira mjini, kisha wakampelekea bwana sehemu ya mapato yao. Hawa ndio walioitwa vibarua. Neno hilo linatokana na barua, yaani kile cheti kidogo cha kazi. Leo kijana wa Changamwe anayeamka alfajiri kwenda kutafuta kibarua hutumia neno lililozaliwa katika utumwa, naye hajui.

Kuna atakayepinga kwamba kusifu ustadi wa mtumwa ni kuupamba utumwa. Hoja hii ni nzito, isipuuzwe. Jibu lake ni kwamba ustadi haukumwondolea mtumwa dhuluma. Mara nyingi uliiongeza. Mtumwa fundi aliuzwa kwa bei ya juu zaidi, na jasho lake likamlisha mwingine. Hata sifa alinyang'anywa: milango ya nakshi ya pwani mara nyingi huwa na tarehe, aya za Kurani au jina la mwenye nyumba, na ni nadra kukuta jina la aliyeshika patasi. Kwa hiyo kumtaja fundi ni kuonyesha wizi wa pili, wizi wa jina, juu ya ule wa mwili.

Uhuru wa Watumwa

Kitabu hiki kilichapishwa mwaka 1934. Mwandishi wake alitoka katika jamii ya mahuru wa Freretown, Kisauni, makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Wanafunzi wetu wa bara ya kaskazini hupita Kengeleni kila siku, mahali palipopewa jina kutokana na kengele ya makao hayo. Kitabu kinasimulia kutekwa, safari ya mateso, kuokolewa na Waingereza, na maisha mapya ya Freretown.

Wahakiki wengi wamekilaumu kwa kuwatukuza Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina msingi. Lakini Mgala muue na haki yake umpe: Mbotela alihifadhi kwa Kiswahili kumbukumbu za watu ambao wengine waliwaandika kama idadi tu. Tena tulitazame jina la kitabu. Ametumia "uhuru", neno linalotaja hali ambayo mtu huwa nayo, na kiunganishi "wa" kinaweza kuonyesha umilikaji: uhuru huu ni mali ya watumwa wenyewe. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1956 iligeuza jina hilo likawa na maana ya kitendo cha kuwaacha watumwa huru. Uhuru ukawa zawadi, na watumwa wakawa wapokeaji.

Swali la kumuuliza Mbotela ni hili: baada ya kuokolewa, nani alifanya nini? Miongoni mwa wakazi wa Freretown walikuwamo wale Waafrika waliookolewa baharini, wakapelekwa India, wakasomeshwa huko Sharanpur karibu na Nasik. Walijifunza useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono kabla ya kurudi Mombasa. Watu hawa hawakufika mikono mitupu. Walikuja na ufundi wao. Mwanafunzi achukue kurasa mbili za kitabu, atenge vitenzi vya kauli ya kutendwa na vya kutenda, kisha aseme ni nani mtenda katika kila sentensi. Zoezi hili litamfundisha itikadi ya msimulizi kuliko mihadhara mitatu.

Wasifu wa Siti binti Saad

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akazunguka akiuza vyungu huku akiimba kuvutia wanunuzi. Baadaye alikwenda mjini, akajifunza muziki, akauimba taarabu kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, jina linalomaanisha "sauti ya bwana wake". Kinaya hiki kisimpite mwanafunzi: aliyeitwa Mtumwa aliimba kwa sauti yake mwenyewe chini ya nembo hiyo, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Siti, yaani bibi mheshimiwa.

Shaaban Robert anamsawiri Siti kama kielelezo cha bidii na adili, kama ilivyo desturi yake. Mwelekeo huo una hatari ya kufanya mafanikio yaonekane tunda la tabia njema pekee, na kuficha mfumo uliomfanya mtoto aitwe Mtumwa. Hata hivyo, hapa fundi anaonekana waziwazi: ana kipaji, ana walimu, ana kazi yenye jina lake. Mbotela anatupa jamii iliyookolewa. Shaaban anatupa msanii aliyejiinua. Kila kitabu kinajaza pengo la mwenzake.

Kwa mtahiniwa

Ingawa si vitabu teule vya mtihani kwa sasa, kazi hizi ni mifano bora ya kufundishia wasifu na masimulizi ya kihistoria. Mtahiniwa azingatie kwamba zote mbili zimeandikwa na mtu mwingine: mwana wa mahuru na mshairi rafiki wa sanaa. Sauti ya fundi mwenyewe tunaipata kwa kupapasa. Atakayejibu kwamba mtumwa alikuwa mnyonge tu, atakuwa amerudia hesabu ya bwana, aliyeandika bei akaacha jina.

Maswali

1. "Uhuru hutwaliwa, haupewi." Jadili kauli hii ukirejelea Uhuru wa Watumwa.
2. Fafanua jinsi jina la mhusika linavyojenga maudhui katika maisha ya Siti binti Saad.
3. Msikilize mzee mmoja wa mtaani kwako akieleza asili ya jina la mtaa. Andika masimulizi yake, kisha ubainishe ni nani anayetajwa na ni nani anayeachwa.