Pumzi Ina Mwenyewe: Mwili, Hewa na Mamlaka katika Riwaya za Sayari Nyingine

Utangulizi

Riwaya inayowahamishia wanadamu katika sayari nyingine hupokelewa na wasomaji wetu kwa namna mbili. Wapo wanaoiona kuwa fasihi ya kuukimbia uhalisia: mtu ambaye mfereji wake umekauka, wanasema, hana haja ya kusimuliwa habari za barafu ya Mirihi. Wapo pia wanaoipima kwa mizani ya maabara. Kwao, riwaya ni bora iwapo hesabu zake ni sahihi. Makala haya yanaipinga misimamo yote miwili. Tunadai kwamba kuishi kwa muda mrefu katika sayari nyingine ni suala la mwili na la mamlaka kwa wakati mmoja. Hewa ambayo hapa duniani hatuinunui wala hatuiombi, huko haina budi kutengenezwa. Na kinachotengenezwa huwa na mwenyewe. Riwaya inayoyatenga mambo haya mawili hutupa nusu ya kisa. Tutautetea msimamo huu kwa kuzilinganisha kazi nne: The Martian Chronicles (1950) ya Ray Bradbury, Red Mars (1992) ya Kim Stanley Robinson, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi na The Martian (2011) ya Andy Weir.

Mandhari isiyosamehe

Katika uhakiki tumezoea kuichukulia mandhari kuwa jukwaa ambapo wahusika hutenda. Mirihi haikubali kuwa jukwaa. Mgandamizo wa hewa yake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa dunia, na takriban asilimia 95 ya hewa hiyo ni kabonidayoksaidi. Nguvu yake ya mvutano ni asilimia 38 ya ile tuliyoizoea. Haina ngao ya sumaku kama ya dunia, hivyo mionzi ya anga huifikia ardhi kwa wingi. Udongo wenyewe, kama chombo cha Phoenix kilivyogundua mnamo 2008, una chumvi za pakloreti ambazo ni sumu kwa binadamu. Nafasi nzuri ya kusafiri huko hupatikana mara moja katika kila miezi 26 hivi. Baina ya 2021 na 2023 mtambo mdogo uliochukuliwa na chombo cha Perseverance ulifaulu kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Jumla ya oksijeni yote iliyopatikana ilikuwa gramu 122. Mtu mmoja huhitaji gramu mia nane hivi kwa siku.

Hata hivyo, orodha ya hatari haitoshi kutuonyesha jinsi watu watakavyoishi nazo. Mfano ulio karibu zaidi na riwaya ulitokea hapa hapa duniani, katika jangwa la Arizona, Marekani. Mnamo Septemba 1991 watu wanane walijifungia ndani ya jengo la vioo lililoitwa Biosphere 2, wakakusudia kula, kunywa na kupumua yale tu yatakayozalishwa humo kwa miaka miwili. Baada ya miezi kumi na sita oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi takriban asilimia 14, mithili ya hewa anayoivuta mtu aliyekwea mlima hadi mita 4,000. Vijidudu vya udongo wenye rutuba vilikuwa vikiitumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, nayo saruji ya kuta ikawa inaimeza kabonidayoksaidi hiyo kabla mimea haijaigeuza kuwa oksijeni tena. Ilibidi oksijeni iletwe kutoka nje. Wakati huo wakazi wenyewe walikwisha kugawanyika makundi mawili yasiyosemezana vyema, na kiini cha mgogoro kilikuwa ni nani mwenye haki ya kuuongoza mradi. Kundi la pili lilipoingia mnamo 1994, waliougharimia mradi waliwatumia maafisa wa sheria kuwaondoa wasimamizi. Siku chache baadaye watu wawili waliowahi kuishi humo wakaifungua milango kutoka nje usiku, hewa ya dunia ikaingia. Mtunzi yeyote angejivunia msuko kama huu. Saruji inameza hewa, wakazi wanagombana, na mwishowe mlango unafunguliwa na mtu aliye nje. Humo ndani, mgogoro wa hewa na mgogoro wa madaraka viliishi chini ya paa moja.

Sayari kama kioo

Bradbury aliandika miaka kumi na mitano kabla ya chombo cha Mariner 4 kupita karibu na Mirihi, Julai 1965, na kuonyesha ukame wake. Ndiyo maana Mirihi yake ina mifereji ya maji, na hewa yake ni hafifu tu, haiui. Ugumu wa kuishi huko uko katika dhamiri. Wenyeji wamekaribia kuangamia kwa tetekuwanga iliyoletwa na wageni, nao wageni wanaijenga upya miji ile ile waliyoikimbia. Katika kisa cha mwisho baba aliyewaahidi wanawe kwamba atawaonyesha watu wa Mirihi anawaelekeza watazame sura zao wenyewe majini.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kukisoma kisa hicho asiikumbuke Walenisi, ambayo jina lake ni sentensi nzima iliyoshikamanishwa: wale ni sisi. Hatudai kwamba Mkangi alimwiga Bradbury. Tunachosema ni kwamba wote wawili waliitumia sayari ya mbali kama kioo. Dzombo, aliyehukumiwa kifo kwa kuupinga utawala wa kwao, anatiwa ndani ya chombo kirukacho ili kimpeleke kwenye mauti. Anafaulu kukitawala, anatua Walenisi, na huko anakuta jamii ya usawa inayomfunza jinsi ya kuitazama upya nchi aliyotoka. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na katika miaka ya 1980 aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali. Kejeli yake haikutoka vitabuni pekee.

Udhaifu wa riwaya hii, kwa maoni yetu, ni kwamba Walenisi ni sayari isiyo na gharama. Dzombo anajifunza siasa, historia na maadili; mapafu yake hayajifunzi lolote. Usawa wa watu wa huko unasifiwa, lakini haujajaribiwa kwa swali gumu: tangi likibakiwa na hewa ya watu watano, nao watu ni sita, usawa huo utasemaje? Pamoja na hayo, itakuwa dhuluma kuishia hapo. Chombo kile cha hukumu ni jazanda nzito kuliko ilivyokwisha kutambuliwa. Mtu aliyefungiwa ndani ya chombo angani yumo mikononi mwa aliyekitengeneza na anayekiongoza. Chombo hakibadiliki, anayebadilika ni mshika usukani, na papo hapo jeneza linakuwa jahazi. Katika tukio hilo moja Mkangi aliligusa suala la mamlaka juu ya uhai kwa ukali ambao hata Bradbury hakuufikia.

Mwili bila jamii, mwili ndani ya jamii

Weir anakwenda upande mwingine kabisa. Mhusika wake Mark Watney, mtaalamu wa mimea aliyeachwa peke yake Mirihi, anatengeneza maji kwa kuunguza kemikali za mafuta ya chombo na kupanda viazi katika udongo uliochanganywa na kinyesi. Kila mlo umehesabiwa. Tufani inayoanzisha kisa, kama mwandishi mwenyewe alivyokiri, ina nguvu ambazo hewa nyembamba ya Mirihi haiwezi kuwa nazo, lakini dosari hiyo si kubwa. Pengo kubwa ni la kijamii. Watney hana jirani wa kugawana naye viazi, wala mwenye nyumba wa kumdai kodi ya hewa. Hiyo ni riwaya ya kunusurika, wala si ya kuishi. Kwani kuishi huanza pale watu wawili wanapolazimika kukubaliana.

Robinson ndiye anayeyaunganisha mambo haya. Wakazi wake mia moja wa kwanza wanabishana tangu mwanzo: Ann Clayborne anataka sayari iachwe ilivyo, Sax Russell anataka ibadilishwe hadi mtu aweze kupumua nje. Mjadala huo wa kisayansi unageuka kuwa wa kisiasa mara tu makampuni makubwa ya duniani yanapoingia kudai faida. Mapinduzi yanapozuka, miji iliyojengwa chini ya mahema makubwa inapasuliwa na wakazi wake wanakosa pumzi. Hapo silaha ya kutisha kupita bunduki ni tundu katika hema. Lipo pia jambo dogo lenye maana kubwa. Siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa dakika 39 na nusu, na wahusika wa Robinson husimamisha saa zao usiku wa manane mpaka dakika hizo zipite. Kipande hicho cha wakati hakina nambari, na kwa hiyo ni vigumu kukiuza. Katika sayari ambayo hata pumzi imehesabiwa, mtunzi amewaachia watu wake kitu kimoja kisichohesabiwa.

Suala la kurudi

Tofauti kati ya Robinson na Mkangi hudhihirika zaidi katika kurudi. Dzombo anarudi kwao kupigania ukombozi, na maana yote ya riwaya imefungamana na safari hiyo. Lakini mwili una masharti yake. Wanaanga wanaokaa miezi mingi bila uzito hupoteza takriban asilimia 1 ya uzani wa mifupa ya nyonga kila mwezi, na hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa na kukulia nje ya mvutano wa dunia. Katika Blue Mars (1996), Robinson anampeleka Nirgal, mzaliwa wa Mirihi, duniani. Anaelemewa na uzito na kuugua. Kwa kizazi cha pili, basi, "kwetu" ni mahali ambapo huenda mwili usipaweze. Fasihi yetu, iliyosimulia mara nyingi uchungu wa mtu aendaye ng'ambo akarudi mgeni, ina la kusema hapa. Mwana aliyerudi na lafudhi ngeni tunamfahamu. Mwana ambaye mifupa yake haiwezi kusimama uani kwa bibi yake bado hajaandikwa kwa Kiswahili.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Bradbury na Mkangi walitupa mamlaka bila mapafu, Weir akatupa mapafu bila mamlaka, na Robinson akaonyesha kuwa haviachani. Wanaodai kwamba mada hii haituhusu wangefaa kuitazama filamu fupi ya Wanuri Kahiu iitwayo Pumzi (2009). Humo wananchi wa Afrika ya Mashariki ya baadaye wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakinywa maji yaliyochujwa kutoka katika jasho na mkojo wao, chini ya baraza linaloamua nani atoke nje. Kahiu hakuhitaji kwenda Mirihi. Na mkazi wa mtaa ambaye maji yake humfikia kwa mtungi, kwa bei ya mwenye tangi, hahitaji kufafanuliwa maana ya kudaiwa uhai kwa kipimo. Msomaji huyo ndiye anayestahili kuandikiwa riwaya ya Mirihi kwa Kiswahili, na ndiye atakayeuliza mapema kuliko wote ni nani ameshika vali.