Uso wa Msikilizaji: Namna ya Kumpima Mwongozaji wa Vichekesho

Imezuka desturi ya kumsifu mwongozaji wa vichekesho kwa wingi wa vicheko vinavyosikika katika kipindi chake, ingawa vicheko vyenyewe huenda havikutoka kwa mtu yeyote aliyekitazama. Tangu miaka ya 1950, fundi sauti wa Marekani Charley Douglass alipounda mashine ya kutoa vicheko vilivyorekodiwa kwa kubonyeza vitufe, kazi dhaifu imeweza kuazima furaha kama bwana harusi anavyoazima joho, na wahakiki, waliopaswa kumjua mwenye joho, wameendelea kupiga makofi.

Kipimo cha kweli ni picha ya mwitikio, yaani picha inayomwonyesha msikilizaji badala ya msemaji, kwa kuwa mzaha haukamiliki unapotamkwa bali unapotua usoni mwa yule uliyemlenga. Limbukeni humtazama msemaji daima. Asichokiona ni kwamba katika kazi mbovu uso wa msikilizaji hubadilika kabla neno la kushangaza halijatamkwa, kwa sababu picha hiyo ilichukuliwa peke yake, baada ya tukio, mwigizaji akiwa ameagizwa tu atoe macho. Mshangao hutangulia habari, na mhariri asiye na sikio huuacha hivyo hivyo.

Mwongozaji wa vichekesho vya televisheni James Burrows, aliyezaliwa mwaka 1940, mwana wa mtunzi wa michezo ya jukwaani Abe Burrows, aliukwepa udanganyifu huo kwa kuongeza mtambo: badala ya kamera tatu, ambazo kipindi cha I Love Lucy kilizifanya kuwa desturi tangu 1951, alitumia nne mbele ya watazamaji ukumbini, hivyo msemaji na msikilizaji wakanaswa katika pumzi ile ile. Inajulikana pia kwamba wakati wa kurekodi hupenda kuusikiliza mwendo wa maneno kuliko kukodolea macho skrini. Katika kipindi cha Cheers, alichokibuni pamoja na ndugu Glen na Les Charles mwaka 1982, kaunta ya baa iliwapa waigizaji shughuli ya mikono, wakaweza kungoja kicheko kiishe bila kusimama kama sanamu. Mwaka huo huo filamu yake Partners ilitoka bila kupata sifa, wala si ajabu, kwani katika filamu hakuna ukumbi wa kumwambia mwongozaji angoje kwa muda gani.

Kwa vichekesho vya mwili kanuni ni nyingine, nayo haihitaji hoja: kamera ikae mbali na picha isikatwe. Katika filamu ya Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia mwigizaji Buster Keaton, naye anasalimika kwa kuwa amesimama penye uwazi wa dirisha. Mwongozaji wa leo angelikata tukio hilo vipande sita na kuliongezea mlio wa springi.

Asiye na hakika na apunguze sauti hadi ikome, kisha amkazie macho mwigizaji aliye pembeni kabisa, yule asiye na neno hata moja. Wale wa zamani waliolelewa na jukwaa walisikiliza hata kamera ilipowapa mgongo, ilhali wengi wa leo huonekana waziwazi wakihesabu maneno ya mwenzao hadi zamu yao ifike.