Pongezi kwa Wahuishao Majumba ya Kale

Sisi wakazi wa ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, wa Kisauni na Likoni na Changamwe, ambao kila uchao huona nyumba kongwe zikibomolewa na maghorofa kusimama mahali pake, tuna wajibu wa kuwashukuru wasanifu na waashi walioifanya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, kuwa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1960.

Aghalabu ustadi wao hauonekani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani hata ukaanza kubanduka. Na chumba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, hakikubali kupanuliwa ovyo ili kiwe ofisi. Basi mjuzi hupitisha nyaya za umeme na mabomba ya maji kwa taratibu, asivunje daka wala kukata boriti, na hiyo, kwa rai yangu, ni adabu kabla ya kuwa elimu.

Natamani maarifa hayo yavuke maji. Huku Kisauni tuna Frere Town, makazi yaliyoasisiwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani; mnara wa kengele yao ungali umesimama Kengeleni, magari yakiuzunguka, na kanisa la Emmanuel lingali lasaliwa. Wasanifu wetu vijana na waanzie hapo, wapime na kuchora kila ukuta uliosalia kabla mtu hajashika nyundo.