Mshika Boga

Kila toleo jipya la lugha ya programu iitwayo Perl linapoandaliwa, miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa limo moja la mistari michache. Linaweka neno moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha linauliza: je, neno hili ni sawa na lenyewe? Halafu linageuza swali: je, ni tofauti na lenyewe? Basi. Larry Wall, aliyeiunda Perl, aliliweka katika toleo la kwanza, Desemba 18, 1987, na hadi leo halijatolewa.

Mwenye haraka angelicheka. Nani asiyejua kwamba kitu ni sawa na chenyewe? Lakini fundi hashui jahazi kwa kuwa jana lilielea. Anaanza tena kulikagua kwenye mkuku. Jaribio hilo likishindwa, hakuna sababu ya kuendesha mengine mengi yanayolifuata, kwa kuwa hata majibu yake hayataaminika.

Kazi hii ya kutayarisha toleo ilipata jina la ajabu. Mmoja wa watunzaji wa Perl, Chip Salzenberg, alisimuliwa na mwenzake habari za ofisi moja iliyokuwa na mashine moja tu ya kunakili data kwenye kanda, ilhali kompyuta za kuitumia zilikuwa kadhaa. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, kazi inaharibika. Wangeweza kuandika programu ya kupanga foleni. Hawakufanya hivyo. Walitafuta boga la kitambaa, lililojazwa kama mdoli, wakawekeana sharti: asiye na boga mkononi haigusi mashine.

Kisa hicho kikaingia kwenye Perl na kukaa. Aliyekuwa na zamu ya kupokea mabadiliko ya watu na kuyaunganisha akaitwa mshika boga, na baadaye, kwa mzaha wenye heshima ndani yake, mfalme wa boga. Hapakuwa na boga la kushikwa. Palikuwa na neno tu, na kila mtu alijua liko kwa nani. Likivunjika jambo, mwenye kuulizwa anajulikana kwa jina.

Waswahili husema ukipenda boga, upende na ua lake. Washika boga walipenda hadi majani makavu. Toleo la 5.10 lilipotoka Desemba 18, 2007, siku Perl ilipotimiza miaka 20, lilileta neno jipya, “say”, la kuchapisha maandishi na kushuka mstari. Ni neno dogo lenye manufaa. Tatizo ni kwamba huenda mahali fulani mtu alikwisha kuandika programu yenye “say” yake mwenyewe, ikifanya kazi nyingine kabisa. Watunzaji wakaamua neno hilo lilale. Anayelitaka analiita kwa mstari mmoja juu ya programu yake. Asiyeliita hatajua kama lipo. Lugha ilikua bila kuingia nyumba ya mtu pasipo hodi.

Si kila mara iliwezekana. Kwa miaka mingi Perl, ikitafuta moduli, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, iliangalia pia ndani ya folda ambamo mtumiaji amesimama wakati huo. Mwenye nia mbaya angeweza kutega faili lake humo likaendeshwa kwa mamlaka ya mwingine. Mlango huo ukafungwa katika toleo la 5.26, Mei 2017, na kuufunga kulijulikana mapema kuwa kutaangusha moduli nyingi za CPAN, ghala la pamoja lililofunguliwa mwaka 1995. Kabla ya siku ya kutoa, moduli za ghala zilijaribiwa juu ya lugha mpya, zilizoanguka zikatambuliwa, wenyewe wakaarifiwa, wengine wakapelekewa marekebisho yaliyokwisha kuandikwa. Ikaachwa na njia ya kurudisha tabia ya zamani kwa muda, kwa atakayekutwa hajajiandaa.

Pengine uangalifu huu ulitoka kwa Wall mwenyewe. Yeye na mkewe walisomea isimu wakikusudia kutafuta lugha isiyo na maandishi, labda hapa Afrika, waitungie herufi. Afya ikawazuia. Mwenye nia ya namna hiyo hawezi kuiona lugha kama bidhaa. Wapo watu wanaoishi ndani yake.

Leo simu inalia usiku, programu inataka kusasishwa, bando linakwisha, na maelezo ni sentensi ileile ya wiki iliyopita: hitilafu zimerekebishwa. Zipi? Zilimuumiza nani? Nani atakayeulizwa zikirudi? Kutoa kwanza na kurekebisha baadaye sasa kunasifiwa kuwa wepesi. Toleo la Perl hutoka na waraka wake, perldelta, unaotaja kilichoongezwa, kilichoondolewa na kitakachoweza kuharibu programu yako, kisha mwishoni majina ya waliotia mkono.

Boga lenyewe limeondoka polepole. Mwishoni mwa 2008 msimbo ulihamia kwenye Git, mfumo unaowawezesha watu kadhaa kuandika kwa wakati mmoja. Kisha, mwishoni mwa 2020, baada ya mvutano juu ya Perl 7 iliyotangazwa na ambayo haikutoka, uongozi ulikabidhiwa baraza la watu watatu. Huenda ni haki zaidi. Ila hakuna tena anayeitwa mfalme wa boga, na vijana wengi wanaoanza kuandika programu hawatalisikia neno hilo.

Mwongozo wa siku ya kutoa bado upo, mrefu, hatua kwa hatua. Anayetoa anajenga lugha kutoka kwenye furushi lilelile watakalopokea wageni, anaisakinisha, anaijaribu, anahakiki alama zake. Anachagua maneno machache kutoka kitabu akipendacho, ayaweke kwenye tangazo. Hata mafaili mengi ya msimbo wa Perl yenyewe hufunguliwa kwa nukuu za Tolkien. Hatua moja inamwamuru apumzike. Baada ya 5.26.0, namba ikasogezwa hadi 5.27.0, kwa kuwa namba witiri ni za karakana na namba shufwa ni za watu, na jaribio la mwaka 1987 likauliza tena kama neno ni sawa na lenyewe.