Redio moja, madarasa matano: somo la hewani lilivyoingia katika nyumba ya watoto wengi

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alilihutubia taifa na kusema kwamba shule zote zitafungwa kuanzia kesho yake. Muda uliotajwa ulikuwa wiki nne. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho, la sita la msingi na la sita la sekondari, walirudi tarehe 10 Agosti. Wengine wote walisubiri hadi mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa tarehe 12 Oktoba. Mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa Tunda, kituo cha Wamethodisti chenye hospitali yake katika eneo la Kibombo, jimboni Maniema, Kongo, alikaa nyumbani karibu miezi saba, pamoja na yaya zake, yaani kaka na dada wakubwa, na wadogo zake wote.

Jibu la serikali lilikuwa redio. Wizara ya elimu, yaani EPST, ikishirikiana na UNICEF na Radio Okapi, ilianzisha kipindi cha masomo kilichoitwa Okapi École. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Maniema haina umeme wa kutegemewa, intaneti ni ya wachache, na vitabu vya shule havitoshi hata shule zinapokuwa wazi. Radio Okapi, iliyoanza kutangaza Februari 2002, ina studio Kindu, mji mkuu wa jimbo, na inasikika katika lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Kama kuna sauti ambayo mzazi wa Maniema aliizoea na kuiamini kabla ya korona, ni hiyo. Ninachotaka kuchambua ni namna somo lenyewe lilivyokatwa na kupangwa, kwa sababu hapo ndipo nyumba kubwa iliposahauliwa.

Tuanze na mawimbi. Matangazo ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Kilima, msitu na umbali huyala. Anayekaa Kasuku au Mikelenge, ndani ya mji wa Kindu, hupata sauti safi. Kadiri unavyoelekea kusini-magharibi, sauti hupungua na mkoromo huongezeka, na kijijini mtu hulazimika kutafuta mahali pa kutundika redio: juu ya paa, mtini, mwisho wa waya aliouning'iniza mwenyewe. Lipo pia jambo la saa. Kinshasa iko nyuma ya Kindu kwa saa moja, kwa kuwa Maniema hufuata saa ya mashariki. Kipindi kinachotangazwa kuwa cha saa tatu asubuhi kwa saa ya mji mkuu kinafika Kindu saa nne, na saa nne mwenye shamba la mpunga amekwisha kuondoka na watoto wakubwa. Ratiba inayotangazwa bila kutaja ni saa ya wapi humpotezea mtu somo zima, na mtu huyo hatajua kwamba amelipoteza.

Lakini hayo ni mambo ya mafundi na watangazaji, na yanarekebishika. Shida kubwa zaidi ni ya mpangilio. Shule hugawa watoto kwa madarasa, na somo la redio lilirithi mgawanyo huo: hili la darasa la nne, hesabu; lile la darasa la sita, Kifaransa. Nyumba haikugawanywa hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2013 na 2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke nchini Kongo. Chukua nyumba ya kufikirika yenye watoto saba: wawili hawajaanza shule, mmoja yuko la kwanza, mmoja la pili, mmoja la nne, mmoja la sita, na binti mkubwa yuko sekondari. Redio ni moja. Ukimpa kila mwanafunzi nusu saa yake, unahitaji saa mbili na nusu za ukimya ndani ya uwanja ambamo mpunga unatwangwa, sombe linapondwa, na mtoto mchanga analia. Katika saa hizo mbili na nusu, kila mwanafunzi anasoma nusu saa na kukaa bure saa mbili. Na betri zinaliwa, kwa sababu watoto wengi wakikusanyika lazima sauti ipandishwe, na sauti ikipanda betri hufa upesi. Betri ni fedha, na fedha hiyo ndiyo ya chumvi na sabuni.

Mpangilio wa namna hiyo humfanya mzazi afanye hesabu ya haraka: nani anastahili redio? Jibu karibu kila mara ni mtoto wa darasa la sita, kwa sababu ana mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi mbele yake. Wengine wanaambiwa wakacheze, au wakachote maji. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo. Amefuata mantiki ya kipindi alicholetewa.

Njia nyingine ilikuwepo, na ilikuwa na umri wa miaka mingi. Mwaka 1974 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza Nicaragua mradi wa kufundisha hesabu kwa redio. Jambo lao kuu lilikuwa kuacha kimya. Mtangazaji anauliza, kisha ananyamaza kwa sekunde chache. Watoto wanajibu kwa sauti, wote pamoja. Kisha redio inatoa jibu sahihi. Aliyekosea anajua papo hapo, bila aibu, bila daftari la kusahihishwa. Kati ya 1980 na 1985 Kenya ilijaribu mbinu hiyo kwa Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi. Kisha Zanzibar, kuanzia 2006, mradi wa RISE ulitengeneza kwa Kiswahili vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Vilisikilizwa shuleni, na pia katika vikundi vya mitaani ambavyo havikuwa na jengo wala mwalimu wa cheti. Alikuwepo mtu mzima wa mtaa huo aliyepewa mafunzo mafupi. Redio ilimwambia yeye afanye nini, kama ilivyowaambia watoto: wasimamishe, waimbe, hesabuni vijiti.

Hilo la mwisho nalitilia uzito kuliko teknolojia yote. Kipindi cha Zanzibar kilizungumza na watu wawili kwa wakati mmoja, mtoto na anayemshika mkono. Somo linalosomwa na mwalimu mbele ya kipaza sauti kama vile yuko darasani linazungumza na mtoto peke yake, tena mtoto wa darasa moja. Yaya aliyekaa kando na mdogo wake mapajani hakupewa kazi yoyote.

Na Maniema haikuhitaji kwenda Zanzibar kujifunza hili. Tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, Kasongo ilipokuwa makao ya biashara na ya Waislamu wa mwanzo wa nchi hii, chuo cha Kurani kimefundishwa bila madarasa. Mwalimu mmoja, baraza moja, watoto wa umri wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Kila mmoja ana ubao wake na mahali pake alipofikia. Mkubwa aliyekwisha kuhifadhi sura humsikiliza mdogo anayeianza, na mwalimu huwasikiliza wakubwa. Mwishoni mwa karne ya 18 Mskoti Andrew Bell aliona huko Madras, India, watoto wakiandika herufi mchangani, akajenga juu yake utaratibu wa wanafunzi kufundishana; naye Joseph Lancaster akaanzisha utaratibu kama huo London mwaka 1798 na kuwakusanya mamia ya watoto chini ya mwalimu mmoja. Ulaya iliandika vitabu juu yake. Huku kwetu haukuandikiwa kitabu, lakini babu zetu wengi walijua kusoma kwa njia hiyo.

Ukirudi sasa kwenye ile nyumba ya watoto saba ukiwa na mambo haya mawili mkononi, kimya cha redio na ngazi ya chuo, ya mkubwa kumfundisha mdogo, hesabu inabadilika. Hadithi, afya, historia na jiografia zinasikilizwa na wote mara moja, kuanzia wa darasa la kwanza hadi binti wa sekondari. Kinachotofautiana ni kazi inayofuata. Wa la kwanza anachora alichosikia. Wa la nne anaandika sentensi tatu. Wa la sita anaandika ukurasa kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha itakayomkabili mtihanini. Nusu saa moja ya betri imelisha madarasa matano. Hesabu na kusoma haviwezi kuchanganywa hivyo, kwa sababu hujengwa tofali juu ya tofali. Hapo ndipo kila mkubwa anapokaa na mdogo wake kwa muda mfupi, wa la nne na wa la pili, wa la sita au binti mkubwa na wa la kwanza. Dakika 20 zinatosha, na mchanga wa uwanja unatosha kuwa ubao. Anayefundisha naye anafaidika: mtoto wa darasa la nne anayemweleza mdogo wake kwa nini 7 na 8 ni 15 analazimika kuiona upya namba aliyoizoea bila kuielewa.

Na mama asiyejua Kifaransa, je? Yeye ndiye mkaguzi. Jioni, moto ukiwa umewashwa, kila mtoto anamweleza mama kwa Kiswahili alichojifunza mchana. Mama anauliza maswali ya mtu anayetaka kuelewa. Mtoto akikwama, somo halijaingia, na kesho linarudiwa. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyekufa 1923 na aliyewatumia wazazi masomo ya nyumbani kwa posta, aliweka kusimulia huku katikati ya mafunzo yake yote. Mama wa Kibombo anaweza kufanya hivyo bila posta, na bila kujua kusoma yeye mwenyewe. Nasisitiza kwa sababu nimechoka kusikia kwamba wazazi wetu hawawezi kuwasaidia watoto kwa kuwa hawakusoma.

Sasa lile gumu, ambalo wanaosifia masomo ya nyumbani hulipita mbio. Binti mkubwa. Katika utaratibu nilioueleza kila kitu kinaelekea kwake: ndiye anayechota maji, anayepika bugali, anayembeba mdogo, na sasa tumemwongezea ualimu. Ngazi ya chuo ikisimamishwa bila uangalifu inamgeuza yeye kuwa ngazi ambayo wengine wanapandia. Miezi saba ya namna hiyo inatosha kumtoa shuleni moja kwa moja. Kwa hiyo saa yake lazima iwekwe kwanza, kabla ya ya wadogo, alfajiri wakati nyumba bado imetulia, na iheshimiwe kama saa ya kwenda shambani inavyoheshimiwa. Na kaka yake wa darasa la sita afundishe kwa zamu sawa na yeye, achote maji kwa zamu sawa na yeye. Baba ndiye wa kulitamka hili; akinyamaza, halitatokea.

Shule zilifungwa tena tarehe 18 Desemba 2020, zikafunguliwa 22 Februari 2021. Miezi miwili mingine, na nyumba zilikuwa zilezile. Ingewezekana kufika Desemba hiyo na vipindi vilivyoandikwa upya, na gharama isingekuwa kubwa: studio ipo, walimu wapo, Kiswahili kipo. Kinachohitajika ni mwandishi wa kipindi aliyekaa katika uwanja wenye watoto saba kabla ya kushika kalamu. Aandike saa ya Kindu kando ya saa ya Kinshasa. Aache sekunde za kimya baada ya kila swali. Afungue kwa sehemu ya wote, kisha awagawie kazi wadogo, wa kati na wakubwa. Na mwishoni abakize dakika moja ya kuzungumza na yaya wa nyumba, akimtajia maswali matatu ya kumuuliza mdogo wake kesho. Jumatatu na Jumatano yaya wa kike, Jumanne na Alhamisi yaya wa kiume. Ijumaa amwite baba.