Tadbiri ya Chumbe

Kisiwa cha Chumbe, kilicho kusini ya mji wa Unguja kwa mwendo wa kilomita 12 hivi, hakina mto wala kisima cha maji matamu, na kwa rai yangu upungufu huo umekihifadhi kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Mwaka 1994, Serikali ya Zanzibar ilipoutangaza mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi kuwa hifadhi isiyoruhusiwa kuvuliwa, na msitu uliomo kisiwani kuwa msitu uliofungwa, uangalizi ulikabidhiwa kampuni binafsi, Chumbe Island Coral Park, iliyoasisiwa na Bi Sibylle Riedmiller. Na madhali walinzi hula mshahara kila mwezi, ilibidi kisiwa kijilipie chenyewe kwa ada za wageni. Hapo ndipo penye mashaka, maana mgeni alipaye ndiye huyo huyo aogaye, aendaye msalani na akanyagaye matumbawe.

Jibu la wajenzi lilianzia kwenye paa. Nyumba 7 za wageni, zilizoezekwa makuti, zimepewa mapaa mapana ya kukingia mvua za masika na vuli. Maji hayo hupita katika chujio la changarawe na mchanga, yakaingia birikani chini ya sakafu, na kutoka humo hupandishwa kwa pampu ya mkono mpaka kwenye matangi, ya moto yakipashwa kwa jua. Yakisha kutumika hayaachwi kutiririkia pwani, ambako rutuba yake ingeustawisha mwani ukayasonga matumbawe, bali huelekezwa kwenye vitalu vya mimea iinyonyayo rutuba hiyo. Na choo hakitumii maji asilani, taka yake ikioza taratibu hata ikawa mboji. (Hoteli ngapi za pwani yetu zina kila anasa, ila ukiuliza maji yao machafu yanakwenda wapi, hupati jawabu!) Kwa hiyo idadi ya wageni haikuachiwa tamaa ya meneja, kwa kuwa birika lina kimo chake, na mvua haikubali kuongezwa kwa barua.

Baharini mambo ni mepesi zaidi kueleza: nanga haitupwi juu ya mwamba, mgeni hapigi mbizi kwa mtungi wa hewa, huogelea juu juu kwa miwani akiwa na mwongozaji. Walinzi, ambao aghalabu walikuwa wavuvi wa vijiji jirani, hawachukui silaha. Mvuvi akikiuka mpaka humwendea wakamweleza, kama mwenzao wa kazi, kwamba samaki wanaokulia humo hutoka wakaingia katika nyavu zake. Wanafunzi wa skuli za Unguja nao huletwa kusoma bila malipo, na lau si hivyo, kwa bei zilivyo, kisiwa kingekuwa bustani ya matajiri tu.

Walakini tadbiri hii ina ufa, nao ulionekana wazi mwaka 2020, safari zilipokatika kwa sababu ya korona na mapato yakakatika pamoja nazo, ilhali mwamba ulihitaji kulindwa kama jana. Basi wanaotaka kuiiga Chumbe kwingineko, nawasihi wapime mvua yao na kutenga akiba ya mishahara ya walinzi kabla ya kuchora ramani ya nyumba ya kwanza.